R: outer() inagoma kwenye fankisheni yenye if

Swali
Wakuu, kwenye lugha ya programu R nataka rejesho la kila mwezi la mkopo wa 1,000,000 kwa viwango 3 vya riba na vipindi 4, yaani majibu 12.

```r
rejesho <- function(r, n) {
  i <- r / 12
  if (r == 0) 1e6 / n else 1e6 * i / (1 - (1 + i)^-n)
}
riba  <- c(0, 0.12, 0.18)
miezi <- c(6, 12, 24, 36)
outer(riba, miezi, rejesho)
```

Inagoma: `the condition has length > 1`. Nikitumia `mapply(rejesho, riba, miezi)` napata namba 4 tu, pamoja na onyo.

Jibu 1
`mapply` haizalishi michanganyiko. Inaoanisha ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, kisha vekta (orodha ya thamani) iliyo fupi inaanza upya. Ndiyo maana riba 0 imekutana na miezi 6 na 36 tu.

`outer` nayo haiiti fankisheni yako mara 12, kama wengi wanavyodhani. Inaiita mara moja tu, ikiipa vekta mbili zenye urefu wa 12 kila moja, na inadai irudishiwe vekta ya 12. `if` inapima sharti moja tu, sasa wewe umeipa 12. Tangu R 4.2.0 hilo ni kosa; zamani lilikuwa onyo, nalo lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilitumia sharti la kwanza kwa zote.

Badilisha mstari mmoja:

```r
ifelse(r == 0, 1e6 / n, 1e6 * i / (1 - (1 + i)^-n))
```

Penye riba 0 upande wa pili unatoa NaN (yaani si namba), ila `ifelse` haiichukui. Riba zinakaa kwenye mistari, miezi kwenye safu. Hakikisha kwa `[2, 2]`: 12% kwa miezi 12 ni 88,848.79.

Jibu 2
Ukitaka kuweka kiwango cha chini cha rejesho, usiandike `max(..., 50000)`. Itarudisha namba moja na utaona `dims [product 12] do not match the length of object [1]`. Tumia `pmax`, inayolinganisha kila thamani peke yake.

Kama fankisheni si yako na huwezi kuigusa: `outer(riba, miezi, Vectorize(rejesho))`. Usitegemee kasi lakini, ndani yake ni `mapply` ileile inayozunguka.

Muulizaji
`ifelse` imekubali, shukrani. Na nikitaka jedwali refu, mstari mmoja kwa kila mchanganyiko?

Jibu 1
```r
d <- expand.grid(r = riba, n = miezi)
d$rejesho <- rejesho(d$r, d$n)
```

Safu ya kwanza ndiyo inayobadilika haraka. Ukiweka maneno badala ya namba, ongeza `stringsAsFactors = FALSE`, la sivyo yanageuzwa kuwa faktori (aina ya data ya makundi) kimyakimya.