Miaka 11 Dar, leo naambiwa nilete mdhamini wa chumba na sebule!

Mgeni wa Kudumu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka.

Yule mama mnamjua. Sinza, geti la kijani, mbwa mmoja mzee hata kubweka anabweka kwa awamu. Sitamtaja. Dalali yeyote ukimwambia "yule mama" anashika kichwa.

Chumba na sebule, choo cha ndani, laki mbili kwa mwezi. Kataka miezi sita mkononi, sawa. Barua ya serikali ya mtaa nilikotoka, sawa. Kopi ya NIDA, sawa. Dalali naye mwezi mmoja wake, juu ya elfu kumi ya kunizungusha juani, sawa. Milioni moja na laki mbili ya mama iko kwenye bahasha, nimeishika hivi, ndipo ananiuliza: "Mdhamini wako nani?"

Mdhamini wa nini? Nakulipa nusu mwaka kabla sijalala hata usiku mmoja! Wa kudai mdhamini ni mimi, usije ukaiuza nyumba mwezi wa tatu.

Nikasema yaishe, nikampigia mjomba wangu wa Kibaha. Mama akaninyang'anya simu, akaweka spika. Katikati ya ua! Wapangaji wanafua, dalali anatafuna muhindi.

"Huyu kijana wako akishindwa kodi, utalipa wewe?"

Kimya. Kimya cha kuivisha maharage. Halafu mjomba: "Huyo? Huyo tuna ukoo wa mbali."

UKOO WA MBALI! Nina miaka 36 na watoto wawili. Mama kacheka mpaka kakalia ndoo ya mtu. Spika, wakuu. SPIKA!

Binti Kisamvu

Pole. Ila mwenye kosa hapo ni mama au mjomba?

Mgeni wa Kudumu

Mama! Nani alimwambia aweke spika?

Kobe Mwendokasi

Nimecheka nimeshushwa kituo siyo changu. Mjomba kakuruka kimanga 😂😂

Wakili wa Kijiweni

Mkuu, hakuna sheria inayomlazimisha mpangaji kuwa na mdhamini. Ni makubaliano yenu tu. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo mwenye nyumba anajipangia. Lakini mtu akisaini udhamini, Sheria ya Mikataba inambana kwelikweli, deni lako linakuwa lake. Mjomba siyo mjinga.

Mgeni wa Kudumu

Sheria baadaye. Umesikia alivyoanza? "HUYO?" Hata jina langu hakulitaja.

Binti Kisamvu

Wewe umeulizwa mdhamini, mimi kila geti naulizwa mume. Mbezi nimekataliwa nyumba mbili, eti mwanamke peke yake "ataleta wageni". Nina kazi, nina hela, naambiwa nije na kaka yangu. Kaka mwenyewe anaishi kwangu!

Mzee wa Tabata

Vijana mnalia na wadhamini. Mimi tangu 2021 kodi ya jengo la mwenye nyumba inakatwa kwenye luku ninayonunua mimi. Nyumba yake, umeme wangu, kodi juu yangu. Hapo nani kanidhamini?

Wakili wa Kijiweni

Hiyo ni ya mwenye jengo, mzee. Mwambie akurudishie.

Mzee wa Tabata

Nilimdai buku yake ya kila mwezi. Akapandisha kodi elfu kumi.

Kobe Mwendokasi

😂😂😂 Ungenyamaza tu.

Mgeni wa Kudumu

Jamani, turudi kwenye mada. Spika...

Shemeji wa Wote

Mna bahati mna luku zenu. Sisi vyumba sita, luku moja. Jana zamu yangu, nimeweka ya elfu ishirini, alfajiri giza.

Mzee wa Tabata

Kuna mtu anapikia umeme humo.

Shemeji wa Wote

Chumba namba nne. Harufu ya makande tangu saa tisa usiku, na mkaa wake upo vilevile mlangoni tangu Idd.