MJADALA: Albamu nzima ya vipande vya nyimbo za wengine ni utunzi au wizi? Na ilimba zetu je?

Mtoa mada:
Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Huku maprodyuza wanabishana kweli: mtu akitoa albamu ambayo kila sauti ameikata kwenye nyimbo za wengine, aitwe mtunzi? Na muziki wa Kigogo, wa ngoma na ilimba (ala ya vijiti vya chuma juu ya boksi, inayopigwa kwa vidole gumba), tuuachie ukatwe hivyo?

Msimamo wangu: ni utunzi, tena mgumu. Tafuteni *Since I Left You* ya The Avalanches, kundi la Melbourne, Australia, iliyotoka mwaka 2000. Hesabu inayotajwa sana ni vipande 3,500, vingi kutoka santuri za zamani zilizokwisha sahaulika. Nyimbo ni 18, karibu saa nzima, na hujui mmoja umeishia wapi. Watu wanaongea karamuni, farasi analia, wimbo mpya unaingia wa kwanza haujatoka. Besi ya Madonna imo pia, kwa ruhusa. Ni muziki wa kucheza, lakini una majonzi ambayo siwezi kuyaeleza vizuri, na majonzi hayo hayamo kwenye santuri yoyote peke yake. Yametoka kwa aliyechagua na kupanga. Nje wachambuzi waliisifu sana. Huku kwetu ukiitaja watu wanakutazama tu, na hilo linaniuma.

Wanaosema kusampo, yaani kukata vipande vya rekodi za wengine na kuvitumia upya, ni uvivu wakumbuke DJ Shadow, prodyuza wa Marekani. *Endtroducing* yake ya 1996, ambayo watu wa kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness waliitambua kuwa albamu ya kwanza iliyotengenezwa kwa sampo tupu, aliijenga kwa Akai MPC60, mashine inayobeba sekunde chache tu za sauti. Kila kipande alikipima.

Mchangiaji 1:
Mkuu, hapo unachanganya mambo mawili. Santuri ya dukani ina kampuni na jina la mwimbaji, unajua umdai nani na umlipe nani. Sasa akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wamebana ngoma mapajani, kijana anakuja na simu, anarekodi, kesho ni biti ya mjini. Jina la nani limeandikwa? Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, ameufikisha muziki huu mbali duniani kwa jina lake na la watu wake. Ninyi mnataka ubaki mdundo usio na mwenyewe. Mimi napinga.

Mtoa mada:
Ndugu yangu, kijana huyo wa simu hata mimi simtetei. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda hata sanaa za jadi ambazo mtunzi wake hajulikani, kwa hiyo "ni ngoma ya asili, haina mwenyewe" si hoja.

Ila kuna jambo hulisemi. Ilimba ina mvumo fulani kama wa nyuki, unaotokana na utando wa buibui uliobandikwa juu ya tundu za boksi lake. Nimesikia biti ambazo prodyuza amesafisha mvumo huo akidhani ni kelele za maiki! Angekaa na mpigaji nusu saa tu angeambiwa kwamba hiyo ndiyo sauti yenyewe. Kwangu kuomba ruhusa ni sehemu ya ufundi. Asiyeuliza anakata asichokijua.

Mchangiaji 2:
Sawa, lakini analipwa nani? Kikundi kina watu ishirini, wimbo ni wa babu zao, na kijiji cha jirani nacho kinauimba.

Mtoa mada:
Swali zuri, na ndilo gumu kuliko yote. Pendekezo langu: tusikate rekodi za kuokota. Prodyuza aende Chamwino au kokote, arekodi upya, awalipe waliopiga siku hiyohiyo, majina yao yote yaandikwe kwenye albamu, na fungu la mirabaha liandikwe kwa kikundi kabla biti haijatengenezwa. Wimbo wenyewe unabaki wa wote, na kijiji cha jirani kiendelee kuuimba bila kuulizwa na mtu. Kinachouzwa ni sauti ya watu wale, siku ile.

Baada ya hapo mwacheni akate vipande elfu akitaka. Nani anapinga hilo, na kwa sababu gani?

Mchangiaji 1:
Fungu liwe nusu kwa nusu, na karatasi isomwe kwa Kigogo mbele ya wazee kabla ya kusainiwa. Hapo nitakuunga mkono.