Kisanduku cha Alum Creek kimetushinda mara mbili: tunakosea wapi?

Mama Hawa
Habari zenu wana jukwaa. Naishi Columbus, Ohio, kwetu Lindi. Wanangu wawili wamenogewa na mchezo wa kusaka visanduku vya mihuri. Kwa asiyeujua: mtu anaficha kisanduku cha plastiki porini, ndani kaweka daftari na muhuri wa mpira, mara nyingi kauchonga mwenyewe, halafu anaandika fumbo la kukufikisha. Ukikipata unagonga muhuri wake kwenye daftari lako na wako kwenye lake, unaandika tarehe, unakirudisha palepale. Huondoki na kitu ila alama ya wino.

Jumamosi mbili tumehangaika Alum Creek, lile ziwa la bwawa kaskazini mwa jiji. Fumbo linasema tuanzie benchi linalotazama maji, tuelekee digrii 120, hatua 40, hadi mti wa gome jeupe wenye vigogo viwili. Kisanduku kiko nyuma yake chini ya jiwe. Sisi hatua ya 40 inatutupa kwenye kichaka cha miiba! Mti wa aina hiyo hatuuoni.

Hawa ana miaka tisa. Amechonga muhuri wake kwenye kifutio: korosho, kama ile ya kwenye kanga. Herufi H-A-W-A hazikumsumbua hata kidogo, ila jina la mdogo wake, Juma, lilitoka kinyumenyume, akalichonga upya usiku ule ule. Muhuri huo haujagongwa popote bado, na mara ya pili alirudi garini analia. Nisaidieni.

Dira Mkononi
Pole mama. Nadhani tatizo ni hiyo "hatua". Neno la Kiingereza lililomo kwenye mafumbo haya, "pace", wachezaji wengi wa zamani hulihesabu kila mguu wa kulia unapotua, yaani hatua mbili zetu ni moja yao. Hatua 40 zinakuwa 80. Kumbuka pia ni za mtu mzima, asihesabu mtoto.

La pili, unatumia dira ya simu? Angalia kwenye mipangilio kama inafuata kaskazini halisi. Mafumbo mengi hupimwa kwa dira ya sumaku, na huko Ohio tofauti ni kama digrii 7. Kwa umbali huo unaweza kupotea mita saba hivi pembeni, na porini mita saba ni nyingi. Nunua dira ya kawaida ya sindano.

Na kichaka hicho msikiingie hovyo. Mmea wenye vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja unawasha vibaya sana. Jioni wakague watoto kupe, hasa nyuma ya magoti.

Shemeji wa Devon
Niko Uingereza, jirani na nyika ya Dartmoor, mchezo ulikoanzia. Mwaka 1854 muongoza wageni James Perrott aliweka chupa Cranmere Pool, mahali pa tope katikati ya nyika, ili waliofika waache kadi zao. Baadaye watu wakawa wanaacha barua, anayefuata anazichukua na kuzituma posta. Jina la mchezo kwa Kiingereza, "letterboxing", yaani la sanduku la barua, limetoka hapo. Mwambie Hawa hata huku watu wanarudi mikono mitupu, tena kwenye ukungu. Ila shemeji, jiwe mkilifunua mlirudishe lilivyokuwa.

Mama Hawa
Tumekipata! Leo asubuhi, dira ya sindano, hatua 80 za kwangu. Mti ulikuwa mbele kabisa, ukishakipita kile kichaka, upande wa kushoto. Juma ndiye aliyeliona jiwe. Daftari lilikuwa na unyevu pembeni, tukalifungua juani kwanza ndipo Hawa akagonga korosho yake, akaibonyeza kwa viganja vyote viwili mpaka nikahofia wino utavuja. Imetoka safi, hadi kile kikonyo chake kinaonekana.

Tukirudi tulipita Africa Road, mashariki mwa ziwa. Imeitwa hivyo kwa kijiji cha Africa, ambako wazungu waliopinga utumwa waliwaficha watu weusi waliokuwa wakitoroka kutoka kusini. Nilisimamisha gari nikawaeleza wanangu. Sasa Hawa anataka kuficha kisanduku chake mwenyewe, na fumbo lake lianzie kwenye kibao cha barabara hiyo. Ruhusa naiomba kwa nani?

Dira Mkononi
Hongereni sana! Hiyo ni hifadhi ya jimbo, kwa hiyo nenda ofisi ya hifadhi, uwaonyeshe kisanduku na mahali penyewe kabla hamjaficha. Na kwenye fumbo aandike wazi hatua ni za mguu mmoja au miwili.