Nahama Wete kwenda Fuoni: nianze na karatasi zipi?

BintiUtaani
Assalaam alaykum. Mwezi ujao tunahama Utaani, Wete, tunakwenda kukodi nyumba Fuoni, Unguja. Watoto wawili wanasoma, mmoja darasa la tano, mwengine kidato cha tatu. Kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi ni cha Wete, na mita ya umeme ya huko tuendako ina jina la mwenye nyumba. Nianzie wapi nisije nikarudishwa Pemba kwa karatasi moja?

Karani_wa_Mtaa
Waalaykum salaam dada. Anzia hapo hapo Utaani kwa sheha wako, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, kabla hujafunga hata sanduku. Mwombe barua ya kuhama yenye majina ya wote mnaoondoka, watoto na wao, majina matatu kama yalivyo kwenye vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Isome ukiwa bado uko ofisini: tarehe, saini, muhuri. Muhuri uliofifia unarudisha watu wengi kuliko barua iliyokosekana. Na ikiandikwa jina lako peke yako, huko mbele utasajiliwa wewe tu.

Sasa, Fuoni si shehia moja. Kuna Fuoni Kibondeni, kuna Kijitoupele, kuna Migombani, na nyumba mbili zinazotazamana zaweza kuwa na masheha wawili. Dalali usimuulize, yeye hutaja jina linalovuta wapangaji. Muulize jirani wa ukuta kwa ukuta barua zake anachukua kwa nani, kisha nenda kwa sheha huyo na barua ya Utaani, kitambulisho na mkataba wa kukodi. Mkataba uwe na kodi, muda, tarehe na mashahidi. Kama mwenye nyumba yuko Muscat na anayekukabidhi funguo ni mjomba wake, mjomba awe na uwakilishi wa maandishi. Bila huo, siku mkigombana kuhusu kodi huna pa kushika.

Kitambulisho kinafuata, sio kinatangulia. Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ana ofisi za wilaya, na Fuoni ni Magharibi B. Nenda na barua ya sheha mpya, na toa nakala ya kadi yako kabla hujaikabidhi. Usidhani hapo ndio umehamisha na kura. Hilo ni daftari jengine, la Tume ya Uchaguzi, na lina sharti lake la muda wa ukaazi jimboni.

Fundi Tukuza
Jina la mwenye nyumba kwenye mita lisikutie tabu, nyumba ni ya kukodi. La kuangalia ni deni. Siku ya kupewa funguo nakili namba iliyo kwenye mita yenyewe, sio ya kwenye risiti ya zamani, nunua umeme wa shilingi elfu chache na uingize tarakimu zote 20 za tokeni mwenye nyumba akiwa amesimama hapo. Uniti zikitoka pungufu, soma risiti kama kuna makato. Deni hukaa na mita, halimfuati aliyehama.

Mita ikikataa tokeni kabisa, uliza nyumba ilifungwa tangu lini. Mita za tokeni za tarakimu 20 zilitakiwa kubadilishwa ufunguo, yaani msimbo wa ndani wa mita, kabla ya 24 Novemba 2024, na iliyokuwa nyumba tupu wakati ule huenda ilirukwa. Waombe ZECO, shirika la umeme, tokeni mbili za kubadilisha ufunguo. Ingiza ya kwanza, halafu ya pili, ndipo uingize ya umeme. Ukizigeuza haitakubali.

Maji: risiti ya mwisho ya ZAWA, mamlaka ya maji, na kama kuna mita, piga picha tarakimu zake siku hiyo hiyo.

BintiUtaani
Ahsanteni sana. Kuna jengine: cheti cha mdogo kimeandikwa jina la baba "Hamis", skuli na kitambulisho cha baba ni "Khamis". Na huyu wa kidato cha tatu hatopata shida?

Mwalimu wa Zamu
Dada, kwa mpangilio huo kilichokosea ni cheti, kwa hiyo rekebisha cheti, usiwaambie skuli wafuate kosa. Nenda ofisi ya usajili ya wilaya ungali Wete, na kitambulisho cha baba mkononi. Skuli ya huku wakiona herufi mbili tofauti watakuuliza hilo kwanza.

Wa kidato cha tatu ahame sasa. Akishasajiliwa mtihani wa kidato cha nne, anafungika na kituo chake. Tafuta nafasi kwanza, na uulize skuli hiyo inasomesha masomo yake yote; Kiarabu au biashara huenda hawana. Mwalimu mkuu wa huku akikubali, ndipo ukachukue uhamisho Wete, upite na ofisi ya elimu ya wilaya. Usisahau alama zake za tathmini endelevu, zitoke skuli ya zamani zikiwa na muhuri. Karatasi zote hizi ziwe mkobani mwako, zisipakiwe na mizigo bandarini Mkoani.