Nimeuziwa NAS ya "TB 8", diski moja imekufa na harusi za watu zimekwenda nayo

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Mods naomba msiuunganishe na ule wa "laptopu ipi nzuri", haya ni mambo mawili tofauti.

Nina studio ndogo ya picha na video hapa Sinza. Harusi, sendofu, kichenpati, mahafali. Tuko watatu, mimi na vijana wawili wanaohariri. Zamani kazi zote zilikuwa kwenye eksteno (diski za nje za kuchomeka) saba zilizobandikwa plasta na kuandikwa namba kwa makapeni, na haipiti siku bila ugomvi wa nani kaondoka na namba nne. Nikasema basi, tununue NAS: sanduku lenye diski ndani, unalichomeka kwenye ruta, kila mtu anafungua folda akiwa kwenye mashine yake.

Nikaenda Kariakoo. Duka silitaji. Jamaa wa kaunta mchangamfu, soda imefika kabla sijakaa vizuri. Nikamwambia, "Kaka, mimi shida yangu moja tu. Diski ikifa, kazi za watu zisife." Akanijibu, "Bosi, hii ina diski mbili. Moja ikizingua nyingine inabeba. Wewe lala usingizi." Sanduku la nafasi mbili, diski mbili za TB 4 kila moja, milioni moja na laki tisa pamoja na fundi wa kuja kufunga. Fundi akaja, dakika arobaini kamaliza, akanionyesha kwenye skrini: 7.27 TB. "TB nane hizo bosi. Inasoma pungufu kwa sababu Windows ina hesabu zake." Hilo la Windows ni kweli kabisa. Nikampa na nauli.

Wakuu, nilipigwa pale pale huku nikiangalia. Diski mbili za TB 4 zikiwa kweli zinabebana, ndiyo RAID 1, kila kitu kinaandikwa mara mbili, huku na huku. Nafasi utakayoiona ni ya diski moja tu, na Windows itasoma 3.63. Ukiona 7.27 ujue hakuna anayembeba mwenzake. Fundi alinifungia RAID 0: faili linakatwakatwa, kipande cha kwanza diski hii, cha pili ile, cha tatu kinarudi hii. Moja ikifa huwezi kusema walau nusu ya kazi imepona, maana kilichobaki ni nusu ya kila faili, na nusu ya faili la video haifunguki. Eksteno zangu saba za plasta zilikuwa salama kuliko hilo dude. Moja ingekufa, sita zingebaki.

Nimejiuliza kwa nini alifanya vile, na nadhani jibu ni jepesi. Mteja akilipia TB 8 halafu akaona 3.63, atarudi dukani kudai kaibiwa. Akiona 7.27 anatoa na nauli.

Imekufa mwezi uliopita. Usiku umeme ulikatika na kurudi mara tatu, asubuhi tukakuta taa nyekundu na diski ya pili inagonga tk, tk, tk. (Kuna UPS, yaani betri za akiba umeme ukikatika, zenye waya wa USB zinazoiambia NAS umeme umekatika ili ijizime yenyewe kwa heshima. Dukani hakuna aliyenitajia.) Nikapiga simu. "Lete tuangalie." Nikapeleka. "Waranti ipo bosi, diski tunakubadilishia." Na kazi zilizokuwemo? "Data ni jukumu la mteja." Yule yule wa lala usingizi!

Sasa sikilizeni hii. Diski iliyopona nikaipeleka kwa fundi mwingine. Akafungua taarifa za SMART, lile daftari ambalo diski inajiandikia yenyewe toka siku ya kwanza. Muda iliowashwa: saa 34,118. Mwaka mzima una saa 8,760. Mimi nimekaa nayo miezi 11, hata isingezimwa dakika moja ni kama saa 8,000. Hizo 26,000 nyingine, karibu miaka mitatu, ilikuwa inamtumikia nani? Na niliuziwa kwenye mfuko wake wa fedha umefungwa, na kale kapakiti ka kunyonya unyevu ndani.

Jibu tulilipata jioni ile ile. Fundi akaendesha programu ya kufufua mafaili, zikaanza kutoka video. Tukafungua ya kwanza: geti la bluu, mlinzi kwenye kiti cha plastiki, Fuso linaingia kinyumenyume. Ya pili, geti la bluu. Ya mia moja, geti la bluu, usiku, paka anapita. Diski ilitolewa kwenye mashine ya kamera za ulinzi za mtu. Kinachoniuma ni kwamba video za geti ziko nzima, kwa sababu ziliandikwa enzi diski iko peke yake, mfululizo. Harusi zangu ndizo ziko vipande. Zimepona zile picha ndogo ndogo za kuonyeshea tu, ukubwa wa stempu. Yuko bi harusi mmoja tumempata kuanzia maua ya kichwani hadi kwenye nyusi, chini yake kijivu kitupu. Mama yake ananipigia kila siku ya pili. Nimpelekee nyusi?

Lingine ambalo nililigundua nikiwa nimeshachelewa. Muda wote tulikuwa tunalalamika NAS ni nzito, kunakili kadi ya GB 64 inachukua zaidi ya saa moja na nusu. Kasi ilikuwa MB 11 kwa sekunde, haipandi hata uiombe dua. Kumbe fundi alituwekea swichi ya mtandao (kidude cha kuunganishia nyaya za mashine) ya 10/100, zile za bei ya chipsi kuku. Swichi ya gigabiti ingetupa MB 110 hivi, kadi ile ile chini ya dakika kumi. NAS yenyewe ilikuwa na uwezo huo, ikabanwa na kidude cha elfu ishirini na tano. Miezi 11 vijana wangu wamekunywa chai kusubiri.

Na aliniwekea niweze kuifungua nikiwa nje, kwa kutoboa njia kwenye ruta na kuacha jina la admin na nywila aliyoikuta. Nilimshukuru! Januari 2022 kirusi cha Deadbolt kiliingia kwenye NAS za QNAP zilizoachwa wazi hivyo hivyo kwenye intaneti, kikafunga mafaili ya watu na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mmoja. Hapo hata RAID 1 haikusaidii, diski zote mbili zinafungwa kwa pamoja. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kote kote. Kubebana kwa diski siyo bakapu, yaani nakala nyingine inayokaa kando, na hili neno sikulisikia kwenye ile kaunta hata mara moja.

Najua kuna watakaosema kosa langu kununua Kariakoo, ningeagiza nje. Ndugu zangu, Januari 2025 Ujerumani kwenyewe iligundulika kwamba diski za Seagate zilizotumika zinauzwa na wafanyabiashara kama mpya, saa zake zimerudishwa sifuri, zikaja kuumbuliwa na rekodi nyingine ya ndani. Tofauti ni kwamba wale walijisumbua kufuta. Wangu hata kufuta waliona uvivu. Na 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red za TB 2 hadi 6, zinazouzwa maalumu kwa ajili ya NAS, zinatumia SMR, yaani mistari ya data inalaliana kama mabati ya paa. Ukiandika mmoja unamgusa jirani, hivyo diski mpya ikiingizwa kwenye RAID kazi ya kujaza inakwenda kwa kusuasua. Kwenye boksi haikuandikwa. Baada ya kelele ndipo zisizolaliana zikapewa jina la Red Plus. Diski zangu siyo za hao wala hao, nataja tu muone usanii una ngazi.

Na wa "weka wingu mkuu", yaani nihifadhi kazi mtandaoni: harusi moja kwangu ni GB 200. Kwa laini inayopandisha Mbps 10 ni karibu saa 45, umeme usipokatika. Picha zilizochaguliwa napandisha, sawa. Mikanda yote hapana.

Nimerudi dukani na karatasi ya zile saa 34,118. Wanasema nimevunja stika, waranti imekufa. Risiti ya EFD ninayo, lakini imeandikwa "vifaa vya kompyuta" tu, hakuna namba ya diski. Hilo ni kosa langu, nilipaswa kukomaa namba iandikwe kabla ya kutoa hela.

Ninachoomba: kuna aliyewahi kupeleka lalamiko la namna hii Tume ya Ushindani, FCC, na risiti isiyo na namba? Lilichukua muda gani, na wanataka maandishi ya fundi au inabidi mtu mwingine akague? Wa kuniambia "pole mkuu" nashukuru mapema, ila pole ninazo za kutosha.

Na kama geti la bluu lenye mlinzi wa kiti cheupe na paka wa usiku ni la mmoja wenu humu, nitumie ujumbe. Mikanda yako yote ninayo, mizima.