Mdogo wangu anakuja Nairobi kwa misheni ya miezi 24: wiki zake zitakuwaje?

DadaWaTanga

Habari zenu, poleni na majukumu. Mdogo wangu ana miaka 19 na ameitwa kutumikia Misheni ya Nairobi ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi huwaita Wamormoni. Hajawahi kuishi nje ya Tanga. Ratiba rasmi tumeisoma. Naomba mnieleze wiki yenyewe inavyokwenda huko mitaani: anafua lini, akikaribishwa anakula na kunywa nini, na mgeni hukosea wapi. La pili ndilo linaloninyima usingizi: barua zake za kila wiki nizisomeje ili nijue imani yake inakua, si kwamba kachoka na ananificha?

Mkaaji_wa_Umoja

Karibu dada. Wiki uianzie Jumatatu, ambayo kwa kawaida ndiyo siku ya maandalizi. Tangu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni anafua, ananunua chakula, ananyoa nywele, anaandika nyumbani na kupiga simu. Simu za nyumbani kila wiki ziliruhusiwa Februari 2019. Kabla ya hapo ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu, kwa hiyo anayekuambia hamtasikizana mwaka mzima anasimulia mambo ya zamani. Saa kumi na mbili ikigonga, tai inarudi shingoni na kazi inaendelea.

Siku zingine anaamka saa kumi na mbili na nusu, anafanya mazoezi, anakula, anasoma maandiko peke yake kisha na mwenzi wake, yaani mmisionari mwenzake aliyepangwa naye. Kufikia saa nne wawe nje. Usiku warudi saa tatu, wapange kesho, walale saa nne na nusu. Hapa wageni huteleza kwenye hesabu ya barabara. Mvua ikinyesha jioni nauli hupanda, stendi hufurika, na safari ya dakika ishirini inakula saa nzima. Miadi ya saa mbili usiku iwe ile ya karibu zaidi na nyumba wanayolala. Za mbali zifanywe mchana. Na zipangwe kwa mtaa: alasiri moja upande mmoja, alasiri nyingine upande wa pili.

Wakifundisha, nusu saa inatosha. Somo la saa nzima humchosha mwenyeji, na safari ijayo atajificha chumbani watoto waseme mama hayuko. Waache ahadi moja tu, iliyo wazi: soma Moroni 10 katika Kitabu cha Mormoni, mstari wa 3 hadi wa 5, halafu uombe. Kisha wapite baada ya siku mbili kuuliza kama imesomwa. Ahadi tatu kwa mpigo hazitimizwi hata moja.

Ajue pia kwamba “karibuni siku nyingine” ya Nairobi mara nyingi ni hapana ya heshima. Dawa yake ni kuuliza, “Jumatano saa kumi na moja itakufaa, ama Alhamisi?” Anayetaka kweli huchagua. Kwenye fleti zenye geti, askari hamruhusu mtu kwa jina la kanisa; anataka namba ya nyumba na mwenyeji apigiwe simu. Na wakikuta mama yuko peke yake ndani, hawaingii. Sheria yao inadai awepo mwanamume mwingine mtu mzima, kwa hiyo wasalimie mlangoni, wapange siku ambayo mume au kaka yuko, au waje na ndugu wa tawi, yaani kusanyiko la waumini la hapo.

Jambo lingine ni mwenzi wake. Watakuwa wawili muda wote, na uhamisho huja kila baada ya wiki sita, ingawa si lazima ahamishwe kila mara. Mara moja kwa wiki hukaa chini kupanga wiki nzima na kuambiana kinachokwaza kati yao. Wanaoruka kikao hicho kwa kuoneana haya huishia kugombana juu ya sufuria isiyooshwa, na watu wanaowafundisha wanaligundua haraka.

MamaTawi

Nikuongezee ya jikoni na ya nguo. Nairobi mgeni hupewa chai ya maziwa kabla hajaketi vizuri, na Neno la Hekima, sheria ya afya ya kanisa lao, linakataza chai ya majani na kahawa. Akikataa kikombe kikiwa kimeshamiminwa, mwenyeji anaumia. Aseme mapema, akiwa bado anavua viatu: “Mama, asante, sisi hatunywi majani, lakini uji au maziwa moto nitashukuru sana.” Maji ya tangawizi bila majani hayana shida. Akiombwa sababu, aieleze kwa sentensi mbili, asigeuze sebule kuwa mahubiri kabla ya somo. Ugali na sukuma ale, na asiwamalizie watoto nyama.

Shati jeupe huchafuka kolani kwanza. Aloweke nusu saa kwenye maji yenye sabuni ya unga, apake sabuni ya kipande kwenye kola iliyolala bapa juu ya ubao, asugue kwa brashi laini kuelekea upande mmoja. Dawa ya klorini aiache: ikikutana na jasho kwenye kitambaa mchanganyiko, kola inageuka njano na haitoki tena. Aanike kwenye hanga, kivulini. Mitaa mingi maji huja kwa mgao, basi mitungi miwili ya lita 20 ijazwe Jumapili usiku, la sivyo Jumatatu itapita akiwa na beseni kavu.

Viatu jozi mbili, avae kwa zamu. Kabla hajavikanyagia tope, fundi azungushe uzi kwenye soli nzima, kwani soli ya gundi peke yake hufunguka kidoleni mvua za Machi hadi Mei zikianza. Vikilowa, ajaze magazeti ndani na kuyabadilisha kabla ya kulala. Asiviweke karibu na jiko. Ngozi inakakamaa halafu inapasuka pale mguu unapokunjika. Na kwa kuwa anatoka pwani, sweta ni lazima. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Julai asubuhi ni baridi ya kweli.

Shikamoo yake huku hawaitumii sana, lakini wazee wataipenda. Asijaribu Sheng ya kuigiza. Kiswahili chake cha Tanga, na ule mtindo wenu wa “naomba”, vitamfungulia milango mingi. Watu watashangaa kijana wa umri wake akiitwa Mzee kanisani, ila ndicho cheo cha mmisionari wa kiume. Waumini wengi hapa husema tu Elda.

Msomaji_wa_Alma

Dada, swali lako la pili ndilo zito. Kuhesabu masomo yaliyofundishwa na watu waliokuja mkutano wa sakramenti, ibada ya Jumapili, kuna faida kwa viongozi, ila hakukuonyeshi imani ya aliyefundisha. Kijana anaweza kufundisha mara ishirini kwa wiki akiwa mkavu ndani.

Alma 32, nayo ya Kitabu cha Mormoni, inafananisha neno na mbegu: unaipanda, unaipa nafasi, unaangalia kama inavimba. Inasema wazi kwamba imani si kuwa na ujuzi kamili. Kwa hiyo katika barua tafuta jaribio alilofanya. Barua yenye uhai ina mtu, swali, andiko, na alichofanya kesho yake. Mathalani: mzee mmoja aliuliza kwa nini Mungu aliruhusu mwanawe afe, sikuwa na jibu, nikarudi nikasoma, nikaomba, nikamrudia Alhamisi tukakaa naye tu. Hapo kuna kukua, hata kama hakuna ubatizo. Barua ya “wiki ilikuwa nzuri, Bwana ni mwema” si mbaya ikija mara moja. Ikija mara tatu mfululizo, uliza.

Uliza kwa vitu vinavyoshikika. Nani alikuuliza swali gumu? Ulifungua andiko gani? Uliomba nini, na baada ya kuomba ukafanya nini? “Unaendeleaje kiroho?” itakuletea jibu la kukufurahisha wewe.

Umshauri mdogo wako awe na kijitabu cha mfukoni, aandike mistari mitatu kila usiku kabla ya saa nne na nusu. Asiposubiri Jumatatu, barua haitakuwa ya kubahatisha, na baada ya miezi sita ataweza kurudi nyuma aone maombi yapi yalijibiwa, kwa njia gani. Majina kamili ya wanaofundishwa asiyaandike kwenye barua ya kusambazwa kwa ukoo. Shida ya nyumba ya mtu si habari ya kuzunguka.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya kufunga, milo miwili bila chakula wala maji. Siku hiyo wapange ziara za karibu, maana kutembea juani ukiwa umefunga hukupa maumivu ya kichwa, kisha unadhani ni Mungu amekaa kimya kumbe ni kiu. Afunge kwa nia moja aliyoitaja, si kwa mazoea.

Akiacha kulala, akiacha kula, au barua zikikatika, si udhaifu wa imani. Amwambie rais wa misheni au mke wake siku hiyo hiyo. Wana njia ya kumpatia msaada wa afya, pamoja na wa akili. Akilazimika kurudi mapema, mpokeeni kama aliyemaliza.

DadaWaTanga

Mungu awabariki, nimenakili yote. Je, ataruhusiwa kuingia hekalu la hapo? Nyumbani wanaliongea sana.

Msomaji_wa_Alma

Liliwekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025 na Mzee Ulisses Soares, mmoja wa mitume wa kanisa. Zamani waumini wa huku walisafiri hadi Johannesburg, kwa hiyo furaha yao mwielewe. Mmisionari huenda kwa ruhusa ya rais wa misheni, si kwa kujipangia, basi asiwaahidi wanaomfundisha tarehe. Na wewe usingoje barua yake ya kwanza. Mwandikie Jumapili jioni, aikute Jumatatu akikaa kusoma.