Tupeane uzoefu: kitu gani ulikataa kabisa, halafu nani akakufanya ujaribu?

MamaPloti, Nakuru

Habari zenu wadau. Kila mtu ana kitu alisema hatagusa, iwe chakula iwe simu iwe njia mpya ya kufanya kazi, na siku moja akajipata ameshika. Naomba mtuambie hicho kitu, lakini zaidi mtuambie nani alikuwa na wewe siku hiyo, juu mimi nikiangalia maisha yangu hakuna kitu kipya kiliwahi kuingia kwa nyumba yangu chenyewe, kila kimoja kililetwa na mtu.

Naanza. Hapa Nakuru kampuni ya maji iko na mradi wa kutengeneza makaa kutoka kwa uchafu wa choo. Ndio, choo ya watu. Wanakausha, wanachoma mpaka inakuwa mkaa, wanachanganya na vumbi ya mbao ambayo pia imechomwa, wanaweka molasi ya kushikanisha, halafu inaviringishwa inakuwa vidonge vya mviringo vyenye ukubwa wa ndimu. Niliposikia nikasema chakula cha watoto wangu hakitapikwa juu ya kitu kimetoka chooni, na nilisema kwa sauti ploti nzima ikasikia. Jirani wangu wa mlango wa pili, mama mtu mzima, hakubishana na mimi hata siku moja, alikuwa tu anapika nayo hapo nje kwa mlango wake.

Sasa kuna wiki mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, makaa yangu yote imelowa, niko na maharagwe ya kuchemsha na mtoto ana homa. Yule mama akachukua jiko langu bila kuniuliza, akaweka makaa yake kidogo ya kawaida chini ikashika, halafu juu akapanga zile za mviringo moja moja kama mtu anapanga mayai, akaniambia, "Usiitingize. Wacha ijishikie." Nikakaa hapo nikingoja harufu. Dakika kumi, dakika ishirini, hakuna harufu na hakuna moshi. Nikaona tu rangi inabadilika kutoka pembeni, kijivu, halafu nyekundu inaingia ndani pole pole, na maharagwe yakaiva na bado moto ukabaki wa kuchemsha maji ya kumwosha mtoto.

Sitawaficha, jivu ni jingi, na ukitaka chai ya haraka asubuhi hii si yako juu inachelewa kushika. Lakini kwa githeri na maharagwe sijaona kitu kama hicho. Huyo mama alihama akarudi kwao na sikumshukuru vile inafaa, na hiyo ndio imenifanya nianzishe hii mada.

WaKondele

Swali tu mama, ugali haikuwa na harufu? Na ukichoma mahindi juu yake?

MamaPloti, Nakuru

Hapana, hata ya mahindi. Kitu ikishachomwa ikawa mkaa ule uchafu wa kwanza unakuwa umeisha, hakuna mdudu wala harufu inabaki. Nilishika na mkono nikanusa, inanuka vumbi tu kama makaa yoyote.

TichaKisumu

Mimi nimezaliwa Murang'a, na kwetu nyumbani samaki hakuwa chakula, shosho alikuwa anasema huyo ni nyoka wa majini na maneno yakaishia hapo. Nikatumwa kufundisha Kisumu nikiwa na miaka ishirini na sita. Wiki ya kwanza walimu wenzangu wakanipeleka Lwang'ni pale ufuoni, tukaketi, nikaletewa ngege mzima, kichwa na macho na mkia, ananiangalia. Sikuwa nimewahi kuona chakula kikiniangalia. Nikaagiza soda nikasema nimeshiba.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mkubwa wetu, tulikuwa tunamwita tu japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo. Hakunicheka. Alisogeza sahani katikati akaniambia tutakula wawili, mimi nitakufungulia. Akaanza na mgongo, akapitisha kidole gumba hapo juu karibu na pezi, nyama ikatoka kipande kizima nyeupe bila mwiba hata mmoja, akaniwekea upande wangu na ugali. Akanieleza mgongoni ndio mtu mgeni anaanzia, kwa tumbo kuna miiba midogo utaenda huko ukishazoea. Na asije mtu akakupa uma, samaki ni mkono, mkono ndio unajua mwiba uko wapi kabla mdomo ujue. Hiyo sentensi nimeibeba mpaka leo, hata watoto wangu nawafundisha hivyo.

Omena ilinichukua mwaka mwingine mzima. Nilikuwa nikiiona tu naogopa. Siri yenye niliambiwa na mama wa kibanda hapo karibu na shule ni kuosha na maji moto mara mbili tatu mpaka mchanga uishe, uikaushe kabisa, halafu uikaange kwanza mpaka ilie kwa sufuria ndio uweke kitunguu na nyanya. Ukiweka nyanya mapema inakuwa uji. Sasa nikienda Murang'a nabeba kilo mbili na shosho, ambaye mwaka huu amegonga tisini, anakula. Anasema hizi si nyoka juu ni ndogo.

BodaMamboleo

Yangu ni piki ya stima. Nimeendesha ya petroli miaka tisa na mtu akiniambia ya betri nilikuwa najua ni ya watoto, kwanza haina sauti na mimi sauti ya injini ndio ilikuwa inaniambia piki iko poa ama inaumwa, sasa wewe uendeshe kitu kimenyamaza utajuaje, halafu kaka yangu mkubwa akachukua moja kwa mkopo akaniambia chukua leo tu ukimaliza siku unirudishie na unihesabie pesa yenye imebaki mfukoni. Asubuhi ya kwanza nilifikiri imezima, niko kwa steji nimeikalia naigeuza funguo naigeuza tena kumbe iko tayari kitambo, nikagusa kidogo ikaruka. Kitu ya pili niligundua ni watu hawakusikii ukija, hapo Kondele mama na mtoto karibu waingie mbele yangu, tangu siku hiyo nafika kwa watu nikiwa nimepiga honi mapema na nimeshuka mwendo, na nawaomba wenye mnaendesha hizi mfanye hivyo, hiyo si mzaha.

Betri ikiisha unaenda mahali pa kubadilisha unaacha yako unapewa yenye imejaa, ni dakika chache. Lakini hesabu yako iwe sawa. Mwezi wa kwanza nilibeba mteja na gunia kupanda Riat kuelekea Kiboswa na sikuangalia, ule mlima unakula betri kama moto, ikaniishia katikati na jua la saa saba. Nikaita kaka. Alikuja na piki yake ya zamani ya petroli, akachukua mteja na gunia akampeleka mpaka kwake, halafu akarudi tukasukuma ile nyingine tukishuka. Hakuniambia "nilikwambia." Jioni tulihesabu, mafuta sikununua na oili sikubadilisha, nikabaki nayo.

KakamegaNdani

Kumbikumbi, kwetu tunaita tsiswa. Mimi nilizaliwa Nairobi nikapelekwa kwa kukhu, yaani nyanya yangu, likizo nikiwa darasa la tano. Mvua ikikatika jioni, kukhu aliweka taa nje na beseni ya maji chini yake, wakaja kama moshi. Tukawatoa mabawa, akawaweka kwa sufuria kavu bila mafuta maana wako na mafuta yao, chumvi kidogo basi. Alikula kwanza yeye mbele yangu, mmoja mmoja, pole pole, akinihadithia mambo ya shamba kama hakuna kitu kinaendelea. Mkono wangu ulienda wenyewe. Ladha ni kama njugu imechanganyika na siagi. Kukhu ameshaenda, na kila mvua ya kwanza nikiona wanaruka kwa taa za barabarani huku mjini na watu wanawakanyaga tu, roho inaniuma.

MzeeWebuye

Wanangu, mmenikumbusha. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 mimi sikutaka. Sisi pesa ilikuwa inakuja na mani oda ya posta ama bahasha kwa dereva wa basi, na bahasha zingine hazikufika. Kijana wangu alikuwa kazi Nairobi, akaniambia baba nimeweka pesa kwa simu yako. Nikamwuliza iko sehemu gani ya simu. Mjukuu wangu wa kike, alikuwa darasa la saba, ndiye alinipeleka mpaka dukani Webuye, akanisomea meseji neno kwa neno, halafu tulipofika kwa namba ya siri akageuka akaangalia ukuta. Akaniambia, "Guka, hii hata mimi usinionyeshe." Alikuwa mtoto, lakini hiyo heshima alinipa siku hiyo ndiyo ilifanya nikaamini hicho kitu.

Juzi nilituma pesa kwa namba ya mtu simjui, nimekosea tarakimu moja. Huyo mjukuu sasa ni mama wa watoto wawili, nikampigia, akaniambia tulia Guka, ile meseji ya kuthibitisha itume kwa 456 mara moja kabla huyo mtu hajaitoa. Ikarudi. Kwa hivyo msiwatenge wazee na hizi simu, kaeni nao, someni nao.

BusiaMkulima

Viazi vitamu vile vya ndani rangi ya karoti. Chemsha, ponda, changanya na unga wa ngano nusu kwa nusu, kanda na maji kidogo sana juu kiazi kina maji yake, pika chapati. Kina vitamini A ya macho, na unga wako hauishi haraka. Aliyenionyesha ni mke wa kaka yangu.

NyaKisumuKericho

Na mwenye alijaribu akashindwa anaruhusiwa? Nimeolewa Kericho. Mursik, yale maziwa lala ya Wakalenjin, nimejaribu mara tatu. Mama mkwe alinionyesha kila kitu, vile anachoma kijiti, anasugua ndani ya kibuyu mpaka kuwe na ile jivu nyeusi, maziwa yamechemshwa yakapoa, anafunika anangoja siku. Kazi ya mikono yake naipenda sana. Ladha imenishinda. Nilimwambia ukweli na akanikubalia, sasa nikifika ananiwekea maziwa freshi pembeni, na kibuyu ni mimi nakiosha.

MamaPloti, Nakuru

NyaKisumu unaruhusiwa kabisa, na asante kwa kusema. MzeeWebuye shikamoo, nimesoma yako mara mbili.

Ticha, umenishawishi. Nimetoka sokoni sahi na omena ya mia mbili, iko hapa kwa karatasi, sijawahi kupika maisha yangu yote. Nimeosha mara tatu, maji ya mwisho yametoka safi. Jiko limeshika, ni zile za mviringo. Niweke mafuta kwanza ama nikaange kavu?

TichaKisumu

Kavu kwanza, moto mdogo. Ukisikia inalia kama majani makavu ndio uweke mafuta. Niko hapa, niambie ikifika hapo.